Tuanzie Juu ya Mlima: maneno kwa wajitoleaji wa usafi wa Bukavu

Wapenzi wakaaji wa Kadutu, Ibanda na Bagira, wababa na wamama, wazee wetu mashefu wa mitaa, na ninyi vijana mliofika hapa moja kwa moja kutoka kwenye kazi, majembe bado yana matope: jambo kwenu nyote. Aksanti kwa kutoa Jumamosi yenu. Najua wengine mmefunga meza zenu sokoni ili muwe hapa, na saa hizi ndizo wateja wanapopita.

Nimeombwa niseme juu ya kuupendezesha mji wetu. Mniruhusu nianzie mbali na maua, nianzie kwenye sasheti moja ya plastiki, tuifuate mpaka mwisho wa safari yake.

Mama amenunua chumvi kidogo pale Nkafu. Anaimimina kwenye kopo, sasheti inaanguka mlangoni. Jioni ufagio unaisukuma hadi kwenye mtaro, na humo inakaa Juni, Julai na Agosti, pamoja na nyingine nyingi, kwa kuwa wakati wa kiangazi hakuna maji ya kuzisukuma. Halafu Septemba inafika. Mnaijua mvua ya kwanza ya Bukavu. Kwa dakika chache mtaro umejaa, na kila kilichorundikana humo kwa miezi mitatu kinaondoka kwa siku moja. Kwa wengine wetu kinaingia mto Kawa, kwa wengine Wesha, kisha ziwani. Sehemu yake inakwama chini ya madaraja, mto unatafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi inapita katikati ya nyumba ya mtu. Wanaokaa kando ya Kawa hawahitaji kuelezwa.

Sasheti iliyofika ziwani haijamaliza safari. Ziwa Kivu linapokea mito mingi, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, na mlango huo uko hapa kwetu: mto Ruzizi. Kinachotupwa Goma, Gisenyi, Kalehe au Idjwi, kama hakikuzama wala kukwama ufukoni, kinasukumwa polepole kuja upande wetu. Juu yake tunaongeza cha kwetu. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanajua; wanapandisha nyavu usiku na ndani yake mna chupa za maji na za soda.

Kilomita chache baada ya mto kutoka ziwani liko bwawa la Ruzizi ya kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Chini zaidi iko Ruzizi ya pili, ambayo imekuwa ikitoa umeme tangu mwaka 1989 kwa ajili ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Ya kwanza ina uwezo wa karibu megawati 30, ya pili karibu 44. Kwa miji inayokua namna hii, umeme huo ni mdogo hata siku ambayo Ruzizi zote mbili zinafanya kazi vizuri. Sasa, kabla maji hayajaingia kwenye mashine, yanapita katikati ya vyuma vilivyopangwa ili kuzuia gogo au jiwe lisivunje mapanga ya mashine. Chupa, sasheti, vipande vya nguo na kandambili vinakuja kujibana kwenye vyuma hivyo na kufungamana. Maji yanayopita yanapungua, mashine inakosa nguvu, na mara nyingine inabidi isimamishwe. Kuna watu ambao kazi yao ni kuzamia kwenye maji hayo na kuutoa uchafu chini kabisa kwa mikono. Ni wababa wenye familia. Wanashuka kwenye maji ya mto unaokwenda kwa nguvu, ndani ya taka zetu, ili wewe upate kuchaji simu na mama wa Panzi apate kuhifadhi samaki wake kwenye friji.

Umeme unakatika kwa sababu nyingi. Kuna nyaya kuukuu, kuna nyumba nyingi mno kwenye kabini moja ya umeme, kuna miaka ambayo kina cha ziwa kinashuka. Sitaki kuwadanganya kwamba tukizoa sasheti zote taa zitawaka usiku kucha. Lakini katika sababu hizo zote, ni moja tu, hiyo ya taka, inayotoka mikononi mwetu sisi tuliokaa hapa, na tunaweza kuishughulikia bila kungoja kibali cha mtu.

Sasa niseme na ninyi mnaojitolea, na niseme bila kuzunguka.

Kazi yetu ya Jumamosi ina kasoro moja kubwa. Tunatoa matope na plastiki ndani ya mtaro, tunaviweka kando ya mtaro. Maji yanapita, watu wanatusifu, tunanawa mikono, tunakwenda nyumbani. Lile rundo linabaki palepale. Kuku wanalichakura, watoto wanacheza juu yake, magari yanalikanyaga, na mvua ya usiku mmoja inalirudisha lilipotoka. Nimeyaona mambo haya katika avenu nyingi za mji huu, kuanzia Cimpunda mpaka Bagira, na yananiumiza, kwa sababu walioitoa ile taka ni watu waliokuwa na njaa ya asubuhi na hawakulipwa hata franga moja. Nguvu yao ilistahili kufika mwisho.

Kwa hiyo naomba tukubaliane hivi. Kabla mtu hajashika jembe, tujue toroli ni la nani, tujue gari litapita saa ngapi, tujue taka zinamwagwa wapi na nani ameruhusu. Kama majibu hayapo, siku hiyo tusafishe mita ishirini na kuzimaliza, kuliko kuacha mita mia mbili za marundo. Wengine watasema mita ishirini ni aibu, meya akipita ataona tumefanya kidogo. Acheni aone kidogo kilichomalizika.

Jambo la pili ni mahali pa kuanzia. Mji wetu umejengwa juu ya milima, na kila kitu hapa kinashuka. Tukisafisha mbele ya maduka ya Nyawera huku mitaro ya juu imejaa, tumefagia mahali ambapo taka zitafika tena kesho. Naelewa kwa nini tunapenda kufanya kazi chini. Chini ndiko magari yanapita, ndiko wageni wanapiga picha, ndiko viongozi wanatuona. Huko juu, ambako gari haliwezi kufika na njia ni ya miguu tu, hakuna anayetuona isipokuwa wakaaji wenyewe. Ndiko ninakotaka twende. Tukiwa katika kiangazi hiki, kila mtaro ukiwa mkavu, kazi ya huko ni nyepesi mara nyingi kuliko itakavyokuwa mvua zikianza. Mwezi wa Agosti una thamani kuliko miezi mingine yote kwa kazi hii, na tumezoea kuupoteza.

Nije kwenye taka zenyewe, maana tunazisema kama kitu kimoja wakati ni vitu vingi. Fungueni gunia lolote kutoka jikoni mwenu. Mtakuta maganda ya ndizi na ya mihogo, mabua ya sombe, yaani majani ya mihogo, maganda ya maharagwe, maganda ya viazi, majivu ya makala ya kupikia. Sehemu kubwa kabisa ya kile tunachotupa imetoka shambani na inaweza kurudi shambani. Soko la Kadutu kila jioni linaacha mali nyingi chini, na sisi tunailipia ibebwe ikaoze mtoni.

Mbolea yake haihitaji mashine. Chagueni kona moja kwa avenu, mahali penye kivuli, mbali na kisima na mbali na mlango wa mtu. Wekeni tabaka la vitu vibichi, juu yake tabaka la majani makavu au majani ya ndizi yaliyokauka, nyunyizeni majivu kidogo sana, rudieni mpaka rundo lifike kiunoni. Lifunikeni ili mvua isiliharibu. Kila baada ya wiki mbili ligeuzwe, la ndani litoke nje. Likinuka, lina maji mengi: ongezeni makavu. Likikaa bila kupata moto ndani, ni kavu mno: nyunyizeni maji. Nyama na mifupa visiingie, vitaita panya na mbwa. Kwa baridi ya huku kwetu, mita karibu 1,500 juu ya bahari, hesabuni miezi mitatu au minne. Kitakachotoka ni udongo mweusi unaovunjika mkononi, na mama mwenye bustani ya lengalenga, yaani mchicha, atakuja kuuomba. Mwuzieni. Pesa hiyo inunue glavu.

Kuna faida nyingine hapo ambayo watu hawaioni mapema. Maganda yakitengwa, plastiki inayobaki ni kavu, haina funza, haina harufu. Inaweza kukusanywa na mtu bila kudhalilika. Na mji huu tayari una watu wanaojua la kufanya nayo: Nicole Menemene na wenzake wa Plastycor wamekuwa wakiokota chupa za ufukoni hapa Bukavu na kuzifanya vikapu, viti na vyungu vya maua. Chupa yenye matope na mabaki ya sombe haimfai mtu. Chupa safi ni malighafi. Wamama, tofauti hiyo inafanyika jikoni kwenu, kwa magunia mawili badala ya moja, na ninaomba wababa wasiwaachie wamama peke yao.

Msichome plastiki. Ninasema kwa haraka kwa sababu mnajua, lakini bado tunaifanya jioni. Moshi ule ni sumu, na unaingia kwanza kwa mtoto aliyelala nyumba ya jirani.

Sheria ipo. Tarehe 30 Desemba 2017 Kinshasa ilitia saini dekreti namba 17/018, inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sasheti za plastiki. Nendeni sokoni leo mtazame kilichobadilika. Kenya ilikataza mifuko mwaka huohuo wa 2017, Tanzania mwaka 2019. Na jirani yetu wa ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, alianza mwaka 2008, kisha mwaka 2019 akaongeza chupa, mirija na vyombo vingine vya kutumia mara moja.

Najua nikimtaja jirani huyo mioyo ya wengi humu inauma, na uchungu huo una sababu zake. Simtaji ili kumsifu. Namtaja kwa ajili ya jambo moja tunaloliona kila siku pale mpakani. Mtu wa Bukavu anavuka daraja na kikapu chake. Mfuko wa plastiki anauacha upande huu, kwa kuwa anajua utachukuliwa. Akifika ng'ambo, akila ndizi, ganda analishika mpaka apate pa kuliweka. Jioni anarudi, na hatua ya kwanza akiwa nyumbani anatupa. Ni mtu yuleyule, mama yake ni yuleyule, shule aliyosoma ni ileile. Basi wale wanaosema kwamba sisi Wakongomani ndivyo tulivyo, hatubadiliki, wananikasirisha, kwa maana mtu huyo anabadilika mara mbili kwa siku! Kinachomkosa huku ni pa kutupia na mwenzake wa kumwuliza.

Wazee waliomo humu wanaikumbuka salongo, kazi ya pamoja ya wakati wa Mobutu. Mlilazimishwa, na aliyekosa kuonekana aliadhibiwa. Nimezungumza na wazee wengi ambao tangu wakati ule hawapendi kusikia habari ya kazi ya pamoja, na siwalaumu. Ndiyo maana ninataka kundi letu liwe na tabia nyingine. Tusimpige faini mtu, hatuna mamlaka hayo. Tusimpige picha jirani akitupa taka na kumpeleka kwenye simu za watu. Tusimtukane mama aliyemwaga ndoo yake mtoni usiku wakati avenu nzima haina hata pubeli moja ya kutupia taka. Tumpatie pubeli kwanza. Na kijana yule wa barabarani anayepewa pesa kidogo na wenye nyumba ili aondoe magunia yao, akaenda kuyamwaga penye giza: huyo anafanya kazi aliyopewa na watu wazima. Tukimwonyesha pa kupeleka, tukampa buti, tukamlipa kwa gunia lililofika, tumempata mfanyakazi bora kuliko sisi sote, maana anazijua njia zote za mlima.

Sasa maua. Sikuyasahau.

Bukavu ni mji mzuri tangu kuumbwa. Mungu aliweka rasi tano ndani ya ziwa, akaweka milima nyuma yake, na sisi tukaja kujenga katikati. Watu wakisema uzuri wa Bukavu wanafikiria Muhumba na Nguba, miti mirefu na kuta zilizofunikwa na maua. Mimi nataka uzuri huo upande mlima. Kule juu ardhi iko wazi, imechanwa na maji, na sehemu nyingine inatembea kabisa: wakaaji wa Funu wanajua nyumba zinavyopasuka kwa sababu mlima wenyewe unateleza polepole miaka yote. Mteremko mkubwa wa namna hiyo hatuwezi kuuzuia kwa mimea, na asiwepo wa kuwaambia watu uongo huo. Lakini makorongo madogo, kingo za njia na za mitaro, hizo tunaziweza. Pandeni matete, pandeni vetiva, nyasi ambayo mizizi yake inashuka chini mita mbili na zaidi. Pandeni mianzi pale chini ya korongo. Ukingo ukishikwa na mizizi, udongo hauingii tena mtaroni, na mtaro usio na udongo unabeba maji yake bila kufurika. Kwangu mimi huo ndio upambaji wa kwanza wa mji wa milima.

Na maua ya kutazama tu nayo yana kazi. Mahali palipokuwa jalala, mkipasafisha na kupaacha wazi, wiki haiishi pamekuwa jalala tena. Mkipaweka udongo, maua machache, jiwe la kukalia, mkono wa mtu unasita. Lakini maua yanataka mtu. Kila bustani ndogo iwe na jina la nyumba inayoitazama, mtu anayetoka mlangoni kila asubuhi na kuiona. Bustani ya watu wote isiyo na mtu wake itakufa kabla ya Krismasi.

Nimalizie na usalama, kwa kuwa nimewaona vijana wakiingia mtaroni miguu mitupu. Taka za mji zina misumari, vioo, nyembe, na sindano kutoka vituo vya afya na maduka ya dawa. Asiye na buti asiingie; ashike gunia juu. Sindano haiokotwi kwa mkono: tumieni koleo au vijiti viwili, itumbukizeni kwenye bidoni yenye kifuniko, na bidoni ipelekwe kituo cha afya. Kipindupindu hakijaondoka Kivu ya Kusini, na maji ya mitaro yetu yanabeba vitu vyote. Naweni mikono kwa sabuni kabla hamjala, hata kama ni kipande cha ndizi tu.

Jumamosi ijayo tunakutana saa moja asubuhi, juu, pale mtaro wetu unapoanzia, tusikutane tena chini barabarani. Tutafanya mita zitakazobebwa na matoroli tuliyonayo, basi. Kila avenu ilete magunia mawili, la maganda na la plastiki, na jina la mtu mmoja atakayetunza rundo la mbolea. Wamama wa sokoni wameomba kukutana peke yao Jumatano jioni kuhusu majani ya ndizi na vikapu badala ya sasheti. Naomba wababa wabaki na watoto siku hiyo. Mashefu wa mitaa, tunahitaji kutoka kwenu jibu moja kabla ya Ijumaa: gari litamwaga wapi. Daftari la majina liko mezani karibu na mlango, na kalamu ziko mbili. Andikeni pia mnachoweza kuazimisha, jembe, toroli, koleo, hata kamba.